Katizo, Katisho au Hodi? Istilahi za Kushughulikia Makatizo ya Maunzi katika Kiini cha Mfumo Endeshi

IKISIRI

Makala hii inachunguza namna kiini cha mfumo endeshi kinavyoshughulikia makatizo yatokayo kwenye maunzi ya kompyuta, na papo hapo inapima istilahi za Kiswahili zinazoweza kubeba dhana hizo. Tunadai kwamba uteuzi wa kitenzi kimoja, baina ya -katiza, -katisha, -dakiza na -bisha hodi, ndio unaoamua kama mwanafunzi ataielewa dhana yenyewe au ataipotosha tangu mwanzo. Mifano ya lugha imetolewa katika Kiswahili cha Dar es Salaam, hasa vitongoji vya Kinondoni na Temeke. Mifano ya kiufundi imetolewa katika kiini cha Linux na katika prosesa za jamii ya Intel.

1.0 UTANGULIZI

Tangu Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipopendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia katika shule za sekondari, na Serikali ikaamua vinginevyo, hoja moja imerudiwa mara nyingi: kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi. Hoja hiyo imejibiwa kwa vitendo zaidi ya mara moja. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1967, limesanifu maelfu ya istilahi. Na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa mwaka 1990 kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Kwa upande wa kompyuta, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilishirikiana na wataalamu wa Sweden katika mradi wa Kilinux, ambao mwaka 2004 ulitoa programu za ofisini zilizofasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice.

Kazi hizo zote zinastahili heshima. Hata hivyo, ukizitazama kwa makini utaona kwamba zimesimama barazani. Zimeshughulikia maneno ambayo mtumiaji huyaona kwenye kioo: faili, hariri, hifadhi, chapa, dirisha. Ndani ya nyumba, yaani katika kiini cha mfumo endeshi, ambako kumbukumbu hugawanywa, michakato hupangiwa zamu na vifaa huhudumiwa, Kiswahili hakijaingia kwa utaratibu. Mwanafunzi wa kampasi ya Kijitonyama hufundishwa mambo hayo kwa Kiingereza, kisha darasa likishatoka humweleza mwenzake kwa Kiswahili, akitumia kitenzi chochote kilicho karibu. Hapo ndipo tatizo letu linapoanzia, kwa sababu vitenzi vilivyo karibu ni vingi na havina maana moja.

Tumechagua dhana ya katizo kwa sababu mbili. Kwanza, bila dhana hiyo hakuna mfumo endeshi wa kisasa unaoweza kuelezwa. Pili, ni dhana ambayo Kiswahili kina utajiri mkubwa wa kuieleza, pengine kuliko lugha iliyoizaa.

2.0 KUCHUNGULIA NA KUITWA

Prosesa hutekeleza amri moja baada ya nyingine bila kupumzika. Prosesa ya kasi ya gigahezi 3 hupiga mapigo bilioni 3 kwa sekunde. Mchapaji hodari anayebonyeza vibonye 5 kwa sekunde huiachia prosesa hiyo mapigo milioni 600 baina ya kibonye kimoja na kinachofuata. Swali ni hili: prosesa itajuaje kwamba kibonye kimebonyezwa?

Kuna njia mbili. Njia ya kwanza ni kuchungulia: kila baada ya muda mfupi programu huenda kukiuliza kifaa kama kina jambo. Ni sawa na mama mwenye nyumba anayeacha chungu jikoni, uani, na kwenda kufungua mlango wa mbele kila dakika ili aone kama mgeni amefika. Akienda mara nyingi, chakula kitaungua. Akienda mara chache, mgeni atakuwa amekwisha kuondoka. Njia ya pili ni kuendelea na mapishi hadi mgeni mwenyewe atoe sauti. Kifaa hupeleka ishara ya umeme, prosesa huacha kazi iliyokuwa mkononi, humhudumia aliyeita, kisha hurudi pale pale ilipoachia.

Njia hii ya pili si ngeni. Katika miaka ya 1950 mashine kadhaa za Marekani zilikwisha kuwa nayo, na mwaka 1959 Edsger Dijkstra aliwasilisha tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Amsterdam juu ya programu za kushughulikia makatizo katika mashine ya Electrologica X1. Kilichowatia hofu wataalamu wa wakati ule ndicho kinachotutia hofu hadi leo. Programu isiyokatizwa hurudia mwenendo ule ule kila inapoendeshwa. Programu inayokatizwa inaweza kukatizwa mahali popote, na kosa lililotokea leo saa nne huenda lisionekane tena kwa mwezi mzima. Mtafutaji wa kosa hilo anatafuta kitu ambacho kitendo chenyewe cha kutafuta kinaweza kukificha.

3.0 VITENZI VINNE

3.1 -katisha

Katika mazungumzo ya kila siku kitenzi hiki ndicho kinachojitokeza kwanza, na kwa maoni yetu ndicho kinachofaa kuepukwa kwanza. Tutazame matumizi yake. Husemwa kukatisha masomo, kukatisha tamaa, kukatisha maisha. Abiria wa Dar es Salaam wana tungo nyingine wanayoijua kwa uchungu: kukatisha ruti. Daladala iliyoandikwa kwamba inakwenda Mbagala Rangi Tatu hufika katikati ya safari, kondakta akatangaza kwamba gari linageuza, na abiria wakashuka. Hakuna anayetazamia gari lile lirudi kuwamalizia safari yao. Ndiyo maana kukatisha ruti ni kosa mbele ya mamlaka za usafirishaji.

Mifano hiyo yote ina sifa moja: jambo limekomeshwa kabla ya kikomo chake, na halikusudiwi kuendelea. (Tunaacha pembeni kukatisha tiketi, ambako maana ni nyingine kabisa.) Mwanafunzi anayeambiwa kwamba kibodi “hukatisha” programu ataelewa kwamba programu imekufa. Atauliza, na atakuwa na haki ya kuuliza, kwa nini basi barua anayoiandika haipotei kila anapobonyeza herufi.

3.2 -katiza

Kitenzi -katiza kinatokana na mzizi ule ule -kat-, lakini picha yake ni ya mstari unaopita juu ya mstari mwingine. Mtu hukatiza uwanja wa shule ili afike upesi sokoni Tandika. Mtu hukatiza mazungumzo, kisha husema: samahani kwa kukukatiza, endelea. Neno hilo “endelea” ndilo tunalolihitaji. Aliyekatizwa hakunyang'anywa zamu yake. Imepitiwa juu tu.

Mpaka baina ya -katiza na -katisha si wa chuma. Vijana wa mjini husema pia kwamba fulani anakatisha mitaa, na wapo wasemaji wanaosema kukatiza masomo. Usanifishaji wa istilahi, hata hivyo, haungoji lugha ya mtaani iwe safi kama hesabu. Huchukua mwelekeo uliopo na kuunyoosha. Mwelekeo upo: anayesema “endelea” hukatiza, anayegeuza gari hukatisha. Kwa hiyo tunapendekeza katizo (wingi makatizo) kwa tukio lenyewe, na tunakataa katisho.

3.3 -dakiza

Wapo watakaouliza kwa nini tusitumie -dakiza, kitenzi cha kale na kizuri, kinachohusu hasa kuingilia maneno ya msemaji. Mzizi wake unaelekea kuwa -daka, kana kwamba anayedakiza anayadaka maneno yangali hewani. Kasoro yake ni ya adabu. Mtoto anayedakiza watu wazima hukemewa; katika kitenzi hiki aliyeingilia ndiye mkosaji. Kifaa kinachoita prosesa hakijakosa lolote, kimefanya kile kile kilichoundwa kukifanya. Istilahi haipaswi kumtia mtu hatiani kabla ya somo kuanza.

3.4 -bisha hodi

Kitenzi hiki hakijawahi, kwa tuijuavyo orodha ya istilahi, kufikiriwa kuwa cha kompyuta, lakini utaratibu wa hodi katika nyumba zetu una karibu kila kipengele cha dhana tunayoichunguza. Mgeni hubisha hodi nje, haingii. Mwenye nyumba huitika “karibu” anapokuwa tayari, au hunyamaza kwanza amalizie jambo lisiloweza kuachwa nusu. Kati ya hodi na karibu kuna muda, na muda huo ni wa mwenye nyumba.

Istilahi ya Kiingereza imebanwa hapa. Neno moja hutumika kwa ishara inayotoka kwenye kifaa na kwa tendo la prosesa la kuacha kazi, ilhali mambo hayo mawili yanaweza kutenganishwa na muda mrefu. Tunapendekeza Kiswahili kisirithi mkanganyiko huo. Ishara ya kifaa iitwe hodi. Tendo la prosesa kuipokea liitwe katizo. Hodi inaweza kubishwa na katizo lisitokee. Sentensi hiyo ni ya Kiswahili cha kawaida, inaeleweka, na ni sahihi kiufundi.

4.0 SAFARI YA HODI MOJA

Tuchukue kibodi. Katika kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981, vifaa havikuunganishwa na prosesa moja kwa moja. Baina yao palikuwa na kidhibiti cha makatizo, Intel 8259A, chenye milango 8 iliyohesabiwa kuanzia 0. Saa ilipewa mlango 0, kibodi mlango 1. Mpangilio haukuwa wa bahati nasibu, kwa maana mlango wenye namba ndogo ulitangulizwa pale hodi mbili zilipobishwa pamoja. Mwaka 1984 mashine ya PC/AT iliongeza kidhibiti cha pili kilichofungwa kwenye mlango 2 wa kile cha kwanza, ikabaki milango 15 ya kutumiwa. Prosesa za leo zina vidhibiti vya namna nyingine na milango mingi zaidi, lakini hatua za msingi hazijabadilika.

Kibonye kinapobonyezwa, kibodi hubisha hodi kwa kidhibiti. Kidhibiti huiarifu prosesa. Prosesa humaliza amri iliyo mkononi, kwa kuwa amri haiachwi nusu, kisha huangalia kama imeruhusu makatizo. Ikiwa imeruhusu, hupokea kutoka kwa kidhibiti namba inayomtambulisha mgeni. Namba hiyo ni faharasa ya jedwali lililotayarishwa na kiini wakati mashine ilipowashwa. Katika jamii ya Intel jedwali lina nafasi 256. Nafasi 32 za kwanza zimetengewa mambo ya prosesa yenyewe. Kila nafasi inaeleza ni wapi katika kumbukumbu pana programu ya kumhudumia mgeni huyo. Programu hiyo tunaiita kihudumu.

Hapa tunaomba msomaji atuvumilie kwa kiambishi. Kwa nini kihudumu, wala si mhudumu? Kiswahili cha kompyuta kimeelekea kutumia ngeli ya KI-VI kwa sehemu za programu zinazotenda, kama katika kiendeshi, ili dereva abaki kuwa binadamu. Tunaona mwelekeo huo ni wa busara. Unamwezesha mwandishi kusema kwamba mhudumu amekiandika kihudumu vibaya, na msomaji akajua nani alaumiwe.

Kabla ya kurukia kwenye kihudumu, prosesa huweka akiba ya mahali ilipoachia. Katika prosesa za Intel za biti 64, vitu vitano huwekwa kwenye rundo: anwani ya amri inayofuata, kitambulishi cha sehemu ya programu, rejista ya bendera, anwani ya rundo lililokuwa likitumika na kitambulishi chake. Vitu hivyo huwekwa na maunzi yenyewe. Rejista nyingine huhifadhiwa na kiini kwa amri zake chache za mwanzo. Kihudumu kikimaliza, hukiarifu kidhibiti kwamba mgeni amehudumiwa. Kikisahau kufanya hivyo, mlango ule hausikiki tena na kibodi huwa bubu. Mwisho, amri moja ya kurejea huvirudisha vitu vitano mahali pake, na programu iliyokatizwa inaendelea. Haijui kwamba ilikatizwa. Ndiyo “endelea” tuliyoizungumzia katika 3.2, ila aliyekatizwa hata hakusikia neno “samahani”.

Wanafunzi huchanganya mwenendo huu na mwingine unaofanana nao. Programu ikigawa namba kwa sifuri, au ikigusa ukurasa wa kumbukumbu usiokuwapo, prosesa nayo huacha kazi na kurukia jedwali lile lile. Lakini hapo hakuna mgeni. Programu imejikwaa yenyewe, na ukiiendesha tena kwa hali ile ile itajikwaa kwenye jiwe lile lile. Tunapendekeza tukio hilo liitwe kikwazo. Tofauti ya kubishiwa hodi na kujikwaa haihitaji maelezo kwa mzungumzaji yeyote wa Kiswahili, na ndiyo tofauti ambayo vitabu hutumia aya nzima kuifafanua.

Jambo moja dogo la kihistoria linaonyesha jinsi mambo haya mawili yanavyoweza kugongana. Katika IBM PC, programu ya kuwashia mashine iliipa saa nafasi ya 8 katika jedwali. Prosesa zilizofuata za Intel, zikiwa katika hali ya ulinzi, huitumia nafasi hiyo ya 8 kwa kikwazo kilichotokea wakati kikwazo kingine kinashughulikiwa. Kwa sababu hiyo kiini cha Linux, katika mashine zenye vidhibiti hivyo, huanza kwa kuihamisha milango ya vifaa nje ya nafasi 32 za kwanza. Kisingefanya hivyo, kila pigo la saa lingeonekana kuwa balaa.

Na saa yenyewe isipuuzwe. Katika Linux ya miaka ya 1990 kwenye mashine za Intel, saa ilibisha hodi mara 100 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 10. Ni hodi hiyo inayokiwezesha kiini kumnyang'anya zamu mchakato usiotaka kuiachia. Mchakato unaweza kuzunguka kwenye kitanzi kisicho na mwisho, lakini hauwezi kuizuia saa, na saa ikishapokewa kiini kina nafasi ya kuamua nani afuate.

5.0 KUZIBA, NA SABABU YA KUZIBA

Kuna nyakati ambapo kiini hakitaki kukatizwa. Kiingereza hutumia hapa neno la barakoa, na tumewahi kusikia likifasiriwa kama kuvisha katizo barakoa. Tafsiri hiyo haina picha yoyote kichwani mwa Mswahili. Tunapendekeza -ziba: kiini huziba mlango, au prosesa huziba masikio, kisha huzibua. Kitenzi hiki hunyumbulika bila taabu. Katizo linalozibika ni lile la kawaida. Katizo lisilozibika ni lile ambalo prosesa hulipokea hata ikiwa imeziba, kwa mfano pale kumbukumbu ya mashine inapoonyesha hitilafu ya maunzi. Mjumbe wa msiba hasubiri karibu.

Kwa nini kuziba? Tuchukue idadi ya herufi zilizomo katika foleni ya kibodi, na tuseme ni 7. Mchakato mmoja wa kiini unaongeza herufi moja. Kuongeza huko kunaonekana tendo moja, lakini kwa prosesa ni matendo matatu: kusoma 7, kujumlisha kupata 8, kuandika 8. Hodi ikipokewa baada ya kusoma na kabla ya kuandika, kihudumu nacho kitasoma 7, kitaandika 8, na kurejea. Mchakato, ambao haujui lolote, utaandika 8 yake. Herufi mbili zimeingia, idadi imeongezeka kwa moja. Jibu lilipaswa kuwa 9. Kosa hili halitokei kila mara. Hutokea hodi inapoangukia kwenye upenyo wa amri mbili, na ndiyo maana huweza kujificha kwa miezi.

Dawa ya kwanza inayomjia mwanafunzi ni kufuli: anayetaka kugusa idadi ashike kufuli kwanza, na mwingine angoje. Dawa hiyo peke yake huua mgonjwa. Mchakato umeshika kufuli. Hodi inapokewa kwenye prosesa ile ile. Kihudumu kinaitaka kufuli na kuanza kungoja. Kufuli itaachiwa na mchakato, lakini mchakato hauwezi kuendelea mpaka kihudumu kirejee, na kihudumu hakirejei mpaka kipate kufuli. Mashine imekwama, na haitakwamuka. Kwa hiyo kanuni ni kwamba kitu kinachoguswa na mchakato pamoja na kihudumu hulindwa kwa mambo mawili: mchakato huziba makatizo ya prosesa yake mwenyewe, kisha hushika kufuli. Kuziba hulinda dhidi ya kihudumu cha hapa. Kufuli hulinda dhidi ya prosesa nyingine. Zamani, mashine ilipokuwa na prosesa moja, kuziba kulitosha. Leo simu ya mkononi iliyowekwa mezani na muuza vocha wa Mwananyamala ina viini vya prosesa vinne au vinane, na kimoja kinapoziba vingine vinaendelea kusikia.

Kuziba kuna gharama yake. Muda wote mlango umezibwa, wageni wanasimama nje, na baadhi yao hawawezi kungoja.

6.0 MAPOKEZI NA UMALIZIAJI

Gharama hiyo ndiyo iliyowafanya waandishi wa viini waigawe kazi ya kihudumu mara mbili. Kiingereza huziita sehemu hizo nusu ya juu na nusu ya chini. Tafsiri ya neno kwa neno inapatikana upesi, na haisemi kitu: juu ya nini, chini ya nini? Tunapendekeza mapokezi na umaliziaji. Katika zahanati yoyote ya Temeke mgonjwa hufika kwanza mapokezi, ambako jina huandikwa, kadi hutolewa, naye huelekezwa kwenye benchi. Hakuna anayefungwa kidonda mapokezini. Kadhalika sehemu ya kwanza ya kihudumu hufanya machache: huchukua data isije ikafutwa na data nyingine, hukituliza kifaa, huacha ujumbe kwamba ipo kazi, na kuondoka. Kazi ndefu hufanywa baadaye, makatizo yakiwa yamezibuliwa.

Umaliziaji wenyewe umepitia sura kadhaa katika Linux. Toleo la 2.4 la Januari 2001 lilileta njia zilizoruhusu prosesa kadhaa kufanya umaliziaji kwa pamoja. Toleo la 2.6 la Desemba 2003 lilileta foleni za kazi zinazotekelezwa na nyuzi za kiini. Na toleo la 2.6.30 la mwaka 2009 liliruhusu karibu kihudumu kizima kiendeshwe ndani ya uzi wake wenyewe, wenye zamu na kipaumbele kama mchakato mwingine. Njia hiyo ya mwisho ilitoka katika juhudi za kuifanya Linux itegemewe kwa kazi zenye muda usioruhusu kuchelewa, juhudi ambazo zilikamilika kuingizwa katika kiini rasmi mwaka 2024, toleo la 6.12.

Kanuni moja ya mapokezi huwatatiza wanafunzi kuliko zote: mapokezini hakulaliwi. Kulala maana yake ni mchakato kujiweka pembeni ukingoje jambo, na kipanga ratiba kuuamsha jambo hilo likitimia. Mapokezi, hata hivyo, hayana mchakato wake; yamesimama juu ya mchakato uliokatizwa, ambao pengine hauhusiani na kifaa hicho hata kidogo. Yakilala, nani ataamshwa? Kwa sababu hiyo mapokezi hayawezi kuomba kumbukumbu kwa njia inayoweza kungoja, wala kusoma diski, wala kushika kufuli ya kulalia. Foleni za kazi na nyuzi zinaweza, kwa kuwa zina michakato yao ya kuamshwa.

Hata mgawanyo huu una mahali unaposhindwa. Mwaka 1996 Jeffrey Mogul na K. K. Ramakrishnan walieleza kinachotokea pakiti za mtandao zinapofika kwa kasi kupita kiasi. Kila pakiti hubisha hodi, kila hodi hupokewa, na mapokezi yana haki ya kumkatiza mmaliziaji. Basi majina yanaandikwa tu: benchi limejaa, daktari haoni mgonjwa hata mmoja, na wanaozidi nafasi wanatupwa nje baada ya kuandikishwa. Mashine ina shughuli kupita kiasi na haijafanya kazi yoyote. Kiingereza kimeunda neno kwa kuligeuza neno la mkwamo na kulitia uhai. Sisi tunapendekeza kihoro cha mapokezi, na tunakiri kwamba wenzetu wa Idara wameliona pendekezo hili kuwa la kishairi mno. Dawa iliyoingia Linux kwa jina la NAPI ni ya kurudi kwenye jambo tulilolikataa katika 2.0: pakiti ya kwanza hubisha hodi, kiini huuziba mlango wa kadi ya mtandao, kisha chenyewe huchungulia na kuchukua pakiti kwa mafungu hadi ziishe, ndipo kizibue. Kuitwa kunafaa wageni wakiwa wachache. Wageni wakiwa umati, kuchungulia ni rahisi zaidi, kwa sababu kila ukichungulia unamkuta mtu.

7.0 MLANGO MMOJA, WAPANGAJI WENGI

Milango 15 haikutosha vifaa vyote, ikabidi vifaa vigawane. Hapa mfano wa nyumba za Magomeni na Temeke unajileta wenyewe. Nyumba ina korido moja, vyumba sita, mpangaji katika kila chumba, na mlango mmoja wa mbele. Hodi ikisikika, haijulikani ni ya nani. Kiini huwauliza vihudumu vyote vilivyojiandikisha kwenye mlango ule, kimoja baada ya kingine. Kila kihudumu hutazama kifaa chake na kujibu moja kati ya mawili: “ni mgeni wangu, nimemhudumia” au “si wangu”. Kihudumu kinachodanganya kwa kudai kila mgeni ni wake hukiharibia kiini uwezo wa kujua kama kuna tatizo.

Jinsi ya kubisha nayo ni muhimu. Kuna kifaa kinachobisha mara moja na kunyamaza; hodi yake isiposikika, imepotea. Kuna kingine kinachoendelea kubisha hadi kihudumiwe. Kwenye mlango wa kugawana hiki cha pili ndicho kinachofaa, kwa sababu wageni wawili wakifika pamoja na mmoja akahudumiwa, sauti ya wa pili bado inasikika. Tunapendekeza hodi ya mkupuo na hodi ya mfululizo.

Ubaya wa hodi ya mfululizo ni pale kila mpangaji anapojibu “si wangu”. Kiini hurejea, hodi bado inasikika, hupokewa tena, wote hukana tena, na hakuna kazi nyingine inayofanyika nyumbani humo. Linux huhesabu. Katika kila hodi 100,000 za mlango mmoja, zikikanwa zaidi ya 99,900, kiini huuziba mlango huo na kuandika katika kumbukumbu zake kwamba hakuna aliyejali. Mafundi wanaousoma ujumbe huo kwa mara ya kwanza hucheka, kwa kuwa unasikika kama lawama ya jirani. Kinachoelezwa ni kizito: kila kifaa kilichogawana mlango ule, hata kile kizima, kimenyamazishwa pamoja na mkosaji, na huenda diski au kibodi ikawa miongoni mwao.

Kuhusu tafsiri ya ujumbe wenyewe, “hakuna aliyejali” ni sahihi kwa maneno lakini inamlaumu asiyehusika, kwa sababu vihudumu vyote viliulizwa na vyote vilijibu. Tunapendekeza kiini kiandike: hodi haina mwenyewe, mlango umezibwa.